Saklipu ya 20

Mlio wa saklipu inayoruka haufanani na mlio mwingine wowote wa karakana. Kwanza "tik", kavu, kama mtu kavunja kijiti cha meno. Halafu kimya kifupi ambamo kila aliye karibu hufumba macho bila kuambiwa. Halafu, ukiwa na bahati, "ting" ndogo ya bati mahali fulani nyuma ya mtungi wa gesi. Ukiikosa hiyo ting, jioni yako imekwisha.

Jumatano iliyopita niliikosa. Nilikuwa nafungua shafti ya mashine ya kukoboa mahindi, dogo ninayemfundisha kazi kanishikia tochi ya simu, mwenye mashine kakaa juu ya ndoo anatutazama. Saklipu ya 20, yaani kipete cha shafti ya milimita 20, ikachomoka kwenye ncha za koleo ikaenda zake. Tulisogeza meza. Tulisogeza mtungi. Dogo akalala kifudifudi kumulika chini ya mashine ya kukereza, kule kusikofagiliwa. Mwenye mashine, mtu mzima mwenye heshima zake, akauliza kwa upole, "Fundi, kwani hicho kipete kinashikilia nini?"

Nilimjibu harakaharaka, "Kinashikilia kila kitu, mzee." Lilikuwa jibu la mtu anayetafuta kitu chini ya meza, na si la kweli. Nimeona nilijibu swali lake upya hapa, kwa nafasi.

Mimi ni mkereza vyuma. Karakana yetu iko Gerezani, Dar es Salaam, ambako ukisimama barabarani asubuhi unasikia nyundo hamsini kwa wakati mmoja na bado watu wanasikilizana. Mimi nasema saklipu. Jirani yangu wa kushoto anasema sekilipu. Vijana waliopita chuo wanasema snepringi. Mtu wa kamusi pengine angeiita pete ya kuzuilia, na angekuwa sahihi, ila akienda dukani na jina hilo ataelekezwa kwa sonara.

Kwa ambaye hajawahi kufungua injini: ni pete ya chuma cha springi iliyokatwa mdomo, mara nyingi ina masikio mawili yenye matundu ya kuingiza ncha za koleo. Kwenye shafti unakereza mfereji mwembamba kuizunguka, sisi tunauita gruvu. Unaitanua saklipu, unaipitisha juu ya shafti, unaiachia, inarukia gruvuni. Sehemu ya mwili wake imezama ndani, iliyobaki iko nje kama ukuta mdogo. Beringi, gia au puli iliyo nyuma ya ukuta huo haiwezi tena kutoka. Hiyo ni ya nje. Ya ndani ni kinyume chake: inaminywa, inaingia ndani ya tundu, ikiachiwa inatanuka na kukamata gruvu la ukutani. Iko pia ya umbo la herufi E, isiyo na masikio, inayosukumwa kutoka ubavuni. Ukifungua printa au fotokopi utaziona zimejaa kama kunguni. Na iko ya waya mtupu, ile ya kwenye pistoni, ambayo ina habari yake peke yake na nitaifikia.

Watu huiweka saklipu kundi moja na nati na bolti, kwa kuwa zote ni vifungo. Lakini nati hubana. Ukiikaza, inavuta bolti kama springi, na ule mvuto ndio unaoshikilia kazi. Saklipu haibani chochote. Ni komeo. Komeo halivuti mlango wala haliusukumi, limekaa tu hapo linasubiri mlango ujaribu kufunguka. Na aliyewahi kuibiwa anajua kwamba mwizi hahangaiki na chuma cha komeo. Anapiga teke, na kinachoachia ni mbao ya fremu.

Fremu ya saklipu ni gruvu. Kazi yangu nzima kuhusu hizi pete iko hapo, na ilinichukua miaka kulielewa, kwa sababu macho ya fundi hukimbilia kwenye kile kilichovunjika au kilichoruka.

Chukua shafti ya 20, ileile ya mzee wa kukoboa. Vipimo vya Kijerumani vya DIN 471, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa na karibu saklipu zote za milimita tunazouziwa, vinasema hivi: saklipu ina unene wa milimita 1.2, gruvu lina upana wa 1.3, na kipenyo chini ya gruvu ni 19. Fanya hesabu. Kutoka 20 hadi 19 ni milimita moja, na hiyo imegawanyika pande mbili. Kwa hiyo kina cha gruvu ni nusu milimita. Beringi yenye uzito wake, gia inayosukuma, mtu anayegonga shafti kwa nyundo akiitoa, vyote vinaegemea ngazi ya nusu milimita.

Majedwali ya watengenezaji hutoa namba mbili tofauti, na wengi husoma moja tu. Namba ya kwanza ni ya saklipu yenyewe: ya 20, ikisukumwa na kitu chenye kona kali ya mraba, inavumilia zaidi ya tani moja na nusu. Ukiiona namba hiyo unatembea kifua mbele. Namba ya pili ni ya gruvu: kwenye shafti ya chuma cha kawaida, kama nusu tani. Pete ina nguvu mara tatu ya ukuta inaouegemea. Mzigo ukizidi, ukuta wa gruvu unalala taratibu, unakuwa mteremko, halafu siku moja pete nzima isiyo na ufa inapanda mteremko huo na kuondoka. Fundi anaiokota, anaikagua, anaiona nzima, anairudisha.

Halafu kuna kona. Beringi zote zina kona za mviringo. Beringi ya 6204, ambayo inaingia kwenye shafti ya 20, haigusi saklipu kwenye shina lake karibu na gruvu. Inaigusa juu zaidi, karibu na ukingo wa nje. Inaisukuma pale penye mkono mrefu, na saklipu inaanza kupinduka kama mwavuli kwenye upepo wa kusi. Ile tani na nusu inashuka vibaya sana, mpaka chini ya namba ya gruvu. Dawa yake ni washa nene yenye kona ya mraba kati ya beringi na saklipu. Washa ya shilingi chache. Nimeshaona mashine tatu au nne ambazo aliyezifungua kabla yangu aliona washa hiyo haina kazi akaiweka mfukoni.

Jambo jingine ambalo nililijua nikiwa nimeshachelewa: saklipu ina uso na kisogo. Nyingi hukatwa kwa kupigwa kutoka kwenye bamba, kama chapati za duara zinavyokatwa kwa kikombe. Upande mmoja kingo zinabaki laini, za mviringo kidogo; upande wa pili kingo ni kali. Pitisha ukucha utajua. Ule upande mkali ndio unaotakiwa kuegemea ukuta wa gruvu, na ule laini uangalie kitu kinachosukuma. Ukigeuza, umeweka kona ya mviringo kwenye ngazi ya nusu milimita, na umeisaidia saklipu kupanda.

Sasa ya pistoni.

Mwaka wangu wa pili wa kazi sikuwa nakereza bado. Nilikuwa kwa mzee mmoja wa pikipiki, nafungua na kufunga injini, najiona nimeiva. Akaja kijana wa bodaboda, injini inakula oili, tukabadilisha ringi za pistoni. Mzee alikuwa amekwenda msibani, kazi ilikuwa yangu.

Pini ya pistoni, ile inayounganisha pistoni na koni-rodi, mkono unaozungusha shafti kuu ya injini, kwenye injini nyingi za pikipiki haijabanwa. Inaelea. Kinachoizuia isitembee pembeni na kukwaruza silinda ni saklipu mbili za waya, moja kila upande, ndani ya matundu ya pistoni. Nilizitoa kwa bisibisi nyembamba. Zilipinda kidogo, kama zinavyopinda zote. Mzee alikuwa na saklipu mpya kwenye kopo, lakini kopo lilikuwa ndani ya kabati, na kabati lilifungwa. Nikazinyoosha kwa plaizi. Zilirudi duara safi kabisa. Nikazipachika, mdomo ukiangalia ubavuni, kwa sababu nilivyokuwa nimeishika pistoni, ubavuni ndiko kulikokuwa rahisi kwa kidole gumba.

Wiki tatu. Kijana akarudi anaisukuma pikipiki, jua la saa saba, hasemi kitu. Tulipovua silinda, kulikuwa na mfereji kutoka juu mpaka chini ambao kidole chako kingelala ndani yake. Saklipu moja ilikuwa imetoka, ikasagwa kati ya pistoni na silinda, kipande kimoja kimejigandisha kwenye alumini ya pistoni kama mbegu ya papai kwenye nyama yake. Pini ikafuata mlango ulio wazi.

Mzee hakugomba. Aliuliza jambo moja: "Mdomo uliuelekeza wapi?"

Sikujua hata kwamba lilikuwa swali. Nililipa silinda, pistoni na ringi kwa mshahara wa miezi. Lakini pikipiki haikuwa ya yule kijana, alikuwa na bosi anayetaka hesabu kila jioni, na pikipiki ikilala hesabu hailali. Siku nne. Nilimlipa mbili, mbili akanisamehe mwenyewe, na bado nikimwona mtu anasukuma pikipiki juani natazama pembeni.

Maelezo ya mzee yalikuwa mafupi: mdomo juu au mdomo chini, ubavuni kamwe. Sababu hakuitoa. Niliipata miaka mingi baadaye, usiku mmoja umeme umekatika, nimekaa na kalamu. Piga hesabu ya injini ndogo ambayo pistoni yake husafiri milimita 50 kwenda na 50 kurudi, na shafti kuu ya injini inazunguka mara 7,500 kwa dakika. Pistoni ikifika kileleni lazima isimame na kugeuka, na mgeuko huo una mkazo wa karibu mara 2,000 ya uzito wa kawaida wa kitu. Saklipu ya nusu gramu, ambayo ukiiweka kiganjani huisikii, pale juu inakuwa kama kitu cha kilo moja. Kisha inatupwa upande wa pili. Mara 125 kila sekunde, tangu kijana anapakia abiria wa kwanza alfajiri mpaka anapozima usiku.

Chora herufi C, mdomo wake uko ubavuni. Ina mkono wa juu na mkono wa chini. Kila mchapo wa kwenda juu na chini unaupiga mkono mmojawapo kuelekea katikati, yaani kuelekea kujikunja, na saklipu ya ndani ikijikunja ndiyo inatoka gruvuni. Sasa geuza C hiyo mdomo uwe juu. Mikono imesimama wima, mchapo unapita kwa urefu wake, hakuna kinachoikunja. Ni waya uleule na gruvu lilelile, na tofauti ya pini kubaki au kutoka ni robo mzunguko wa kidole.

Kile kitendo cha kunyoosha kwa plaizi kilikuwa kibaya zaidi, na hiki ndicho nimekifanya kuwa sheria karakanani kwangu. Chuma cha springi ukikipinda kidogo kinarudi. Ukikipinda kupita mpaka wake hakirudi, na ukikilazimisha kurudi kwa plaizi umekirudishia umbo bila kukirudishia nguvu. Duara linaonekana duara. Ndani yake kimechoka. Saklipu nzima ya ndani ikikaa gruvuni huwa bado inataka kutanuka, na ya nje kujikunja, imeegemea ukuta kwa ukaidi. Ijaribu kwa ncha ya bisibisi: ikizunguka bila kinyongo, kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda, itoe na uitupe. Na usiweke mdomo wake usawa wa kile kidirisha kilichochongwa kwenye pistoni kwa ajili ya kuitolea, maana umeiwekea njia ya kutokea.

Baada ya silinda ile nilihama kwenye pikipiki. Si kwa sababu hiyo peke yake, lakini nayo ilikuwemo.

Kukereza gruvu ni kazi ninayoipenda kuliko nyingi. Unasaga kisu mwenyewe kwenye jiwe la kunolea, unakipima kwa venia mpaka kifike 1.3, ukipitiliza ukapata 1.2 umekiharibu, anza tena. Unaingia polepole na oili, na mlio ukiwa sawa ni kama mtu anasugua sufuria mbali. Ukuta utakaobeba mzigo lazima usimame wima kabisa. Ukiwa na mlalo, hata ule usioonekana kwa macho, umemtengenezea saklipu ngazi ya kupandia. Na usikate gruvu mwishoni kabisa mwa shafti: acha nyama baada yake, walau mara tatu ya kina cha gruvu, la sivyo ukuta wenyewe unakatika kama ukingo wa bakuli.

Kuna mahali gruvu halitakiwi kuwepo, na hilo nililipa mwenyewe pia. Mteja mmoja alitaka puli yake izuiwe katikati ya shafti, kati ya beringi mbili, pale mkanda unapovuta. Nikamkatia gruvu zuri sana, kona zake kali kama za sanduku. Miezi michache baadaye akaja na vipande viwili vya shafti mkononi. Ilikatika gruvuni, mahali pamoja, safi. Ukitazama uso wa mkato uliona nusu yake laini yenye mistari ya kupinda, mmoja baada ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha mchangani yakipwa. Kila mstari ni hatua ufa ulipotembea. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya chengachenga, ile iliyokatika siku moja kwa kishindo. Mkanda ulikuwa unaipinda shafti kila mzunguko, na mimi nilikuwa nimeichorea mahali pa kukatikia. Tangu hapo mtu akitaka gruvu mahali shafti inapopindwa namwambia hapana, tutafute kola ya kubana au bushi ya kujaza nafasi; gruvu likae nje ya beringi, mwishoni, ambako hakuna kinachoipinda.

Hapa nichepuke kidogo, maana kuna mtu nimekuwa nikimfikiria. Lugha yetu ina neno moja, kifungo, kwa cha shati, cha mashine na cha jela. Sisi tunaofanya kazi Gerezani hatuhitaji kukumbushwa. Sasa, Prague, mji mkuu wa Cheki, kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Jindřich Waldes, aliyezaliwa mwaka 1876. Kampuni yake ilianza 1902 kutengeneza vifungo vya nguo vya kubonyeza, vile vya pande mbili vinavyolia "tap" kwenye blauzi na suruali za watoto. Ilikua mpaka ikawa na kiwanda Marekani, Long Island City jijini New York, na kiwanda hicho ndicho baadaye kilichojulikana kwa mafundi wa mashine kwa saklipu za Truarc. Ukitafakari, kile kifungo cha blauzi na saklipu ni ukoo mmoja: springi ndogo inayoachia njia, kisha inakamata shingo. Waldes alipenda vifungo kiasi cha kuanzisha makumbusho ya vifungo. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1939 Wanazi walimkamata, akapelekwa mpaka kambi ya mateso ya Buchenwald, Ujerumani. Familia yake, iliyokuwa imeshafika Marekani, ililipa fedha nyingi aachiwe. Aliachiwa, na akafia Havana, Kuba, mwaka 1941, akiwa njiani kuwafuata.

Hilo jina la Truarc lina maana ya tao la kweli, na linasema jambo la kiufundi. Tazama saklipu yenye masikio kwa makini: mgongoni ni pana, na inazidi kuwa nyembamba kuelekea mdomoni. Ingekuwa na upana mmoja kote, ukiitanua ingekuwa yai, ikagusa gruvu sehemu mbili tatu tu. Kwa kupungua hivyo inapinda sawasawa kila mahali na kubaki duara, ikishika gruvu karibu pande zote. Wajerumani na Waitaliano wao huiita kwa jina la Seeger, kampuni ya Ujerumani, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga kwa jina la ile iliyotangulia kufika. Wamarekani wana jina la utani kwa zile ndogo zinazoruka: klipu ya Yesu, kutokana na jina linalotamkwa zikishapotea. Karakanani kwetu jina hilo hutamkwa pia, na la Mtume vilevile, kutegemea nani kashika koleo.

Koleo nalo. Kuna la saklipu za nje, ukiminya mpini ncha zinatanuka, na la za ndani, ukiminya zinakutana. Wengi hawanunui, wanatumia bisibisi mbili na msumari. Nimefanya hivyo miaka. Siku hizi nina makoleo manne na miwani ya plastiki inayoning'inia kwenye msumari juu yake, na dogo hashiki la kwanza kabla hajashika ya pili. Pete ya chuma cha springi iliyotanuliwa ni manati. Jicho halina spea Kariakoo.

Za kung'aa sizinunui, kama naweza kuzipata nyeusi. Wateja hupenda ya kung'aa, wanaiona mpya zaidi. Ila chuma kigumu cha springi kikipakwa zinki kwa umeme bila kuokwa vizuri baadaye, haidrojeni iliyoingia ndani ya chuma inabaki humo na kukifanya kivunjike kama biskuti. Saklipu hiyo haivunjiki ukiwa unaifunga. Inakaa gruvuni kimya, hakuna mzigo, mashine imezimwa, na asubuhi unaikuta vipande viwili. Nilimlaumu panya mara ya kwanza. Saklipu nyeusi zenye fosfeti zina kutu mapema zaidi hewa ya bahari ikizifikia, lakini kutu unaiona ikija.

Pahala ninapoheshimu zaidi ubunifu wa mtu kuhusu saklipu ni ndani ya stata ya gari. Mwishoni mwa shafti ya bendiksi, ile gia ndogo inayokwenda kuamsha injini, kuna kola, na ukiitazama huoni kinachoishikilia. Unaigonga kola irudi nyuma kwa kipande cha bomba, na hapo chini yake inatokea saklipu ya waya. Ukirudisha unaweka waya gruvuni, kisha unaivuta kola iupande na kuufunika. Sasa waya hauwezi kutanuka, kwa sababu kola imeuzunguka; na kola haiwezi kutoka, kwa sababu waya umeizuia. Kila mmoja kamshika mwenzake shati. Mafundi umeme wa magari hufanya hivyo kila siku bila hata kutazama.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kukoboa. Nilipofuta grisi kwenye shafti yako na kupitisha ukucha gruvuni, upande wa beringi ukuta ulikuwa wima. Upande wa nje, ule unaobeba, ulikuwa umelala. Beringi ilikuwa na nafasi ya kutembea, washa haikuwepo, na kwa muda mrefu imekuwa ikiigonga saklipu kama mtu anayegonga mlango akijua kuna watu ndani. Kipete hakikuwa kinashikilia kila kitu. Kilikuwa kinashikilia beringi isitoke, na gruvu lilikuwa linakishikilia kipete, na gruvu ndilo lililokuwa limechoka.

Nilimweleza yote hayo, kwa kifupi zaidi kuliko hapa. Tukajadili kujaza kwa kuchomelea kisha kukereza upya; nikamwambia joto litaipinda shafti, na shafti ya urefu ule ikipinda hata kidogo itakula beringi. Tukakubaliana nimkereze shafti mpya. Akauliza bei, nikamtajia, akanyamaza, akashusha pumzi, akasema sawa.

Dogo wakati huo alikuwa amefunga sumaku ya spika iliyokufa kwenye kamba na anaiburuta chini ya mashine ya kukereza. Ikatoka na manyoya ya chuma kama mbuzi. Tukaichambua juu ya gazeti: misumari, nusu ya kisu nilichokitafuta mwaka jana, nati mbili, na saklipu sita. Tano hazikuwa za 20. Ya sita ilikuwa ya 20, ila si ya mzee. Ya mzee ilikuwa nyeusi, hii ilikuwa ya kung'aa, nayo imeshika kutu upande mmoja. Niliifuta, nikaitanua kwa koleo, nikaiachia. Ilirudi. Nikaiweka kwenye kipande cha bomba la 20 kilichokuwa mezani chenye gruvu la majaribio, nikaisukuma kwa bisibisi. Ikazunguka.

Nikaitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Mzee akainuka kidogo akatazama ndani ya ndoo. "Fundi, si nzima hiyo?"

Dogo alishanyoosha mkono kuomba shilingi mia tano ya kwenda dukani.